Twende Lini Katavi na Ugalla?

Mama mpendwa, kama wewe na baba watoto mnadunduliza fedha ili wanenu waone wanyama, yafahamuni kwanza majira. Novemba hadi Aprili ni masika: magari hunasa kwenye udongo mweusi, na wanyama hutawanyika miomboni. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, maji hupungua. Viboko hubanana katika madimbwi ya mto Katuma, Katavi. Mto Ugalla nao, ambao pori lake lilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, hubaki mabwawa. Septemba na Oktoba wanyama huonekana zaidi, lakini joto ni kali. Wenye watoto wa shule waende mwishoni mwa likizo ya Juni, nyasi zikianza kukauka. Msiwavike nyeusi wala bluu, huvuta mbung'o. Chandarua msisahau.