Unafufua pikapu ya zamani nyumbani? Anza na chesisi, si rangi

Wengi wakinunua pikapu ya zamani hukimbilia kuipiga rangi. Hapo ndipo pesa inapopotea.

Toyota ilitoa Hilux ya kwanza mwaka 1968. Kwenye pikapu za aina hiyo, bodi imefungwa kwa bolti juu ya chesisi. Mlango ukioza unatafuta mwingine. Chesisi ikiliwa na kutu, inaweza kukatika ukiwa na mzigo barabarani.

Fuata mpangilio huu:

1. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo, hasa karibu na springi za nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu au hutoboka.

2. Pitisha sumaku kwenye bodi. Isiponasa, chini ya rangi kuna pati.

3. Tengeneza breki kabla ya kuwasha injini na kutoka nayo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, hivyo gari lililolala miaka huota kutu ndani ya silinda za breki.

4. Fungua sehemu moja, imalize, ndipo uende nyingine. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua.

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu, weka stendi. Kuchomelea chesisi mwachie fundi mzoefu. Rangi iwe ya mwisho.