Kurudi Nyumbani Si Mwisho wa Ugonjwa



Mgonjwa atokapo katika wodi ya wagonjwa mahututi akarejea nyumbani, jamaa hushukuru, hupika na husoma dua. Ndivyo ipasavyo. Lakini baada ya wiki chache minong'ono huanza: mbona bado hawezi kupanda ngazi? Mbona halali usiku? Mbona amekuwa mkali, naye alikuwa mpole? Mwezi huu tumeona ni vyema tuyazungumze mambo hayo, kwani wengi wetu hudhani kwamba aliyeruhusiwa na hospitali amekwisha kupona, na mgonjwa huachwa peke yake na nusu ya pili ya maradhi yake.

Mfano ulio mashuhuri zaidi tunao papa hapa Birmingham. Tarehe 15 Oktoba 2012, Malala Yousafzai, binti wa Kipakistani mwenye umri wa miaka 15, aliletwa katika hospitali ya Queen Elizabeth, Edgbaston, siku sita baada ya kupigwa risasi ya kichwa. Alipozinduka hakuweza kusema, kwa sababu ya mpira wa kupumulia uliotiwa kooni, ikambidi aandike. Baadaye alieleza kwamba miongoni mwa mambo ya kwanza yaliyomhangaisha ni baba yake yuko wapi, na ni nani atakayelipa gharama zote zile. Wazazi wake walifika tarehe 25 Oktoba. Aliruhusiwa kutoka mwanzoni mwa Januari 2013, lakini Februari akarudi kufanyiwa upasuaji wa fuvu na wa sikio. Walimwengu walimwona akitoka wodini kwa miguu yake. Kupona kwenyewe kulikuwa bado safarini.

Tuanze na mwili. Mgonjwa anayelazwa usingizi kwa dawa huku mashine ikimpumulia hupoteza nyama ya mwili upesi mno. Mwaka 2013 watafiti wa London walitangaza vipimo vya msuli wa paja vya wagonjwa 63: katika muda wa siku 10 msuli ule ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 18. Basi tusimwite mvivu mtu anayepumzika baada ya kupanda vidato vitatu. Nguvu hurudi kwa miezi, kwa chakula kidogo kidogo na mazoezi aliyoagizwa. Na Ramadhani ikiingia, asione haya kumwuliza daktari kabla ya kufunga. Mgonjwa amepewa ruhusa na dini yake.

La pili ni zito zaidi, nalo ndilo linalofichwa. Wagonjwa wengi katika wodi hizi huweweseka. Mmoja huona wadudu wakitambaa darini, mwingine huamini kwamba wauguzi wanataka kumwua, au kwamba amefungwa jela katika nchi asiyoijua. Homa kali, dawa za usingizi, upungufu wa hewa na kukosa usingizi wa kweli huivuruga akili. Njozi hizo humganda mtu kana kwamba zilitukia kweli, na pengine humrudia usiku akiwa kitandani kwake. Wapo wasiomwambia hata mke au mume, wakichelea kuitwa wenda wazimu au kuambiwa wana jini. Kumsomea mgonjwa ni jambo jema, wala kisomo hakimzuii daktari, wala daktari hazuii kisomo. Lililo baya ni kunyamaza. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Kwa familia zetu lugha nayo huongeza uzito. Muuguzi humwuliza mgonjwa leo ni siku gani, na hapa ni wapi, ili ajue kama akili imetulia. Mzee aliyezoea kusema Kiswahili akikaa kimya, au akijibu kwa lugha yake, ni vigumu kutambua kama amechanganyikiwa au hakufahamu swali. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza waelezeni wauguzi mgonjwa wenu husema lugha gani, huitwaje nyumbani, na kama huvaa miwani au kifaa cha kusikilizia. Ombeni mkalimani wa hospitali, ambaye halipiwi na mgonjwa. Msimfanye mtoto wa shule kuwa mkalimani wa habari za uhai na mauti ya mzazi wake.

Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya mwenziwe. Lakini wodi hizi hazipokei umati, nasi twaweza kuitimiza haki hiyo kwa mpango. Wawili waingie, wengine wapeleke chakula kwa watoto waliobaki nyumbani. Aingiaye aseme jina lake, amshike mgonjwa mkono akiruhusiwa, amweleze kwa Kiswahili taratibu kwamba yuko hospitali na kwamba yu salama, hata kama haonyeshi kusikia.

Kadhalika andikeni daftari. Ni desturi iliyoanzia nchi za Skandinavia na sasa inajulikana hapa Uingereza: jamaa na wauguzi huandika kila siku yaliyompata mgonjwa, nani alikuja, lini mashine iliondolewa. Aliyepoteza siku 20 za maisha yake huzikuta humo, akatenganisha njozi na mambo ya kweli. Asilazimishwe kulisoma, atalifungua akiwa tayari.

Mwisho, mjue kwamba ufuatiliaji si fadhila ya kubembelezwa. Mwongozo wa kitaifa wa NICE wa mwaka 2009 uliagiza kwamba waliohitaji mazoezi na msaada wa kurudisha nguvu waangaliwe tena miezi miwili hadi mitatu baada ya kutoka katika wodi hiyo, mwili na akili pia. Barua isipokuja, mwulizeni daktari wenu wa mtaa. Pia kipo chama cha hisani cha ICUsteps, kilichoanzishwa mwaka 2005, kinachowasaidia waliopitia hali hii na jamaa zao.

Basi mwenye mgonjwa aliyerudi nyumbani, usimwulize tu kama amepona. Keti naye, umwulize aliona nini kule, kisha umsikilize bila kucheka wala kushtuka. Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu wote, na awape subira wanaowauguza. Amin.