Cong, kijiji cha mito ya chini kwa chini

Wageni wengi wanaofika Cong, magharibi mwa Ireland, hukimbilia sanamu. John Wayne amembeba Maureen O'Hara mikononi, ukumbusho wa filamu ya The Quiet Man iliyopigwa hapa mwaka 1951. Wanapiga picha, wanakunywa chai, basi linaondoka. Inaniuma, kwa sababu kinachostahili safari kiko nje kidogo ya kijiji: mfereji mkavu.

Cong iko kwenye kipande chembamba cha nchi kati ya maziwa mawili, Mask kaskazini na Corrib kusini. Maji ya Mask huzama kwenye miamba ya chokaa, husafiri chini kwa chini, kisha hububujika tena kijijini. Ingia msituni hadi pango la Pigeon Hole, ushuke ngazi za mawe zenye utelezi. Utausikia mto kabla hujauona.

Watawa wa abasia ya hapa waliyazoea maji hayo. Kibanda chao cha kuvulia bado kimesimama juu ya mto, na sakafuni kuna tundu la kuteremshia wavu. Wenyeji husimulia kwamba kamba ilifungwa kengele jikoni: samaki akinasa, mpishi anajua. Katika abasia hiyo ndimo Ruaidhrí Ua Conchobair, mfalme mkuu wa mwisho wa Ireland, alimofia mwaka 1198.

Kisha ikaja njaa. Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa uliozesha viazi, na watu wapatao milioni moja wakafa. Serikali ya Uingereza ilitaka wenye njaa wafanye kazi ndipo wapate ujira, hata wale waliokuwa mifupa mitupu. Hapa walichimbishwa mfereji wa kupitisha vyombo kutoka ziwa hadi ziwa, wakipasua mwamba kwa mikono. Mwamba wenyewe una matundu kila mahali. Hauwezi kushika maji. Mwaka 1854 kazi ilisimamishwa. Kuta zimebaki, mawe yamechongwa na kupangwa kwa ustadi ambao fundi yeyote angejivunia, na hakuna chombo kilichowahi kupita. Kwangu mimi, hakuna mnara wa njaa ile unaosema zaidi ya huu.

Kutoka mjini Galway ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, na kule wanaendesha upande wa kushoto kama kwetu. Nenda kiangazi. Wakati wa baridi mvua hupandisha maji ya ardhini, mfereji ukajaa, na mgeni anaweza kudhani ulifanya kazi.