Kwa Nini Mwezi Hauna Hewa: Jibu Limo Katika Mawe ya Shinkolobwe

Kilomita 20 hivi magharibi ya mji wa Likasi, Kongo, ndani ya mawe ya Shinkolobwe, kuna gesi inayozaliwa usiku na mchana. Mzazi wake ni urani. Atomu ya urani inapovunjika hutema kipande kidogo, na kipande hicho kikishajipatia elektroni mbili kutoka mwambani huwa atomu ya heliamu. Mpaka urani ya kawaida imalize safari yake na kuwa risasi, huwa imezaa atomu 8 za heliamu. Madini haya yana umri wa miaka takriban milioni 650. Kazi hiyo ilikuwa ikiendelea zamani sana kabla ya Robert Sharp kuyagundua mwaka 1915, na kabla ya kampuni ya Union Minière kuyachimba hadi urani yake ikaingia katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945.

Kwa wengi, Shinkolobwe ni bomu hilo tu. Lakini mawe yake yanajibu pia swali ambalo watoto wetu huuliza wakitazama mbalamwezi ya kiangazi: kwa nini kule juu hakuna hewa?

Tuanze na hewa tunayoivuta hapa. Katika kila chembe milioni moja za hewa kavu, 9,300 hivi ni za agoni, na za heliamu ni 5 tu. Gesi hizi mbili ni ndugu: zote hazipendi kuungana na kitu kingine, na zote hutoka mwambani. Agoni karibu yote iliyomo hewani ilizaliwa na aina ya potasiamu inayovunjika polepole kama urani. Agoni imerundikana tangu dunia ilipokuwa changa. Heliamu nayo imezaliwa muda wote huo, iko wapi?

Imetoroka. Mtoto anayerusha jiwe kuangua embe anajua kwamba jiwe litarudi chini. Angeweza kulirusha kwa kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde, na kama hewa isingelizuia, lisingerudi tena. Hiyo ndiyo kasi ya kuponyoka mvutano wa dunia. Chembe za gesi nazo hurushwa, na anayezirusha ni joto. Joto likiwa lilelile, chembe nyepesi hukimbia kuliko nzito, na heliamu ni nyepesi mara 10 kuliko agoni.

Huku chini chembe hugongana bila kupumzika, hakuna inayofika mbali. Lakini kilomita 500 hivi juu yetu hewa ni haba, na chembe inayoelekea nje haikuti wa kuizuia. Joto la huko laweza kupita sentigredi 700. Heliamu hukimbia kwa wastani wa kilomita 2.5 kwa sekunde, na chache zenye bahati hukimbia zaidi sana. Nyingine hunyang'anywa elektroni na mwanga wa jua, kisha hutoka zikifuata mistari ya sumaku ya dunia kwenye ncha zake.

Wataalamu wana kipimo chepesi: ili gesi idumu kwa mabilioni ya miaka, wastani wa kasi yake usizidi sehemu moja ya sita ya kasi ya kuponyoka. Sasa tuupime Mwezi. Kasi ya kuponyoka huko ni kilomita 2.4 kwa sekunde, na sehemu yake ya sita ni 0.4. Mchana wa Mwezi hufikia sentigredi 120, na kwa joto hilo naitrojeni hukimbia karibu kilomita 0.6 kwa sekunde. Basi yanayoipata heliamu kwetu, kule yanaipata hata naitrojeni. Gesi yote inayouzunguka Mwezi inakadiriwa kuwa tani 25 hivi, mzigo wa lori moja kubwa kati ya yale yanayopita Likasi yakielekea Lubumbashi.

Mvutano peke yake hautoshi kueleza kila kitu. Utaridi ina mvutano mkubwa kuliko Titani, mwezi wa Zohali. Hata hivyo Utaridi, iliyo jirani na jua, huchomwa kwa sentigredi 430 na haina hewa ya maana. Titani iko kwenye baridi ya sentigredi 179 chini ya sifuri, chembe zake huenda polepole, na hewa yake inakandamiza mara moja na nusu kuliko yetu.

Mirihi inatufundisha jambo la tatu. Mwaka 2014 chombo cha Marekani kiitwacho MAVEN kilifika huko, na mwaka 2017 watafiti wake wakatangaza kwamba sayari hiyo imepoteza takriban theluthi mbili ya agoni yake. Agoni ni nzito mno kutoroka kwa joto. Ilipigwa ikatolewa na upepo wa chembe utokao kwenye jua, baada ya Mirihi kupoteza ngao yake ya sumaku. Zuhura nayo haina ngao ya namna hiyo, lakini ina mvutano unaokaribia wetu na hewa nzito ya kabonidayoksaidi, hivyo imebaki na hewa inayokandamiza zaidi ya mara 90 kuliko ya dunia.

Basi hewa ya sayari ni kama hesabu ya duka: kuna kinachoingia na kinachotoka. Volkano kama Nyiragongo huingiza, joto na upepo wa jua hutoa. Mwezi ulipoa, volkano zake zikazima, lakini kinachotoka kikaendelea kutoka.

Heliamu inakuwa akiba pale tu mwamba unapoizuia, kama ile ya bonde la Rukwa, Tanzania, iliyotangazwa mwaka 2016. Ikivuja, hukaa hewani miaka milioni moja au mbili, kisha huenda zake.

Walimu wa fizikia wa Likasi, Kambove na Kolwezi, mtoto akiwauliza kuhusu Mwezi, anzeni na jiwe la nyumbani kwake. Shinkolobwe imetajwa vya kutosha kwa mauti. Itajwe pia darasani kwa elimu.