Umeniboa: Neno la Mitaani na Kipimo cha Masikitiko



Tuwafikirie vijana wawili katika stendi ya mabasi ya Kasulu. Mmoja aliahidi kufika alfajiri ili wasafiri pamoja kwenda Kibondo. Amefika jua limepanda na basi limekwisha kuondoka. Mwenzake hamwambii "umenivunja moyo", wala "nimekata tamaa". Anamwambia: "Aisee, umeniboa." Kwa nini kijana ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiha, na ya pili ni Kiswahili, atumie kitenzi chenye asili ya Kiingereza kueleza jambo ambalo Kiswahili kina maneno tele ya kulieleza?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba vijana ni wavivu au wanapenda kuiga. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu halipimi maana za maneno tuliyo nayo. Anayekata tamaa ameufunga mlango wa matumaini, hangojei tena. Anayevunjika moyo amepata jeraha, na jeraha hilo ni zito mno kwa kisa cha basi. Kusikitika ni neno la adabu, na mara nyingi hutumiwa na yule yule anayekataa ombi letu: "Tunasikitika kukuarifu..." Lililo karibu zaidi ni "umeniangusha", lakini nalo hudai kwamba kulikuwa na dhamana kubwa iliyotupwa. Kilichokosekana ni kitenzi chepesi, kinachomtaja mkosaji waziwazi bila kuuvunja urafiki. Pengo hilo ndilo lililozibwa na -boa.

Neno hili limetokana na kitenzi cha Kiingereza "bore", ambacho maana yake ni kumchosha mtu kwa jambo lisilo na mvuto. Katika Kiswahili cha mitaani cha Tanzania maana hiyo imepanuka. Timu iliyofungwa nyumbani inaboa. Rafiki asiyetimiza ahadi anaboa. Uchovu umegeuka kuwa maudhi yanayotokana na tarajio lililokwenda kombo. Kwa hiyo lililoazimwa ni umbo. Maana imefinyangwa hapa nyumbani.

Umbo lenyewe lina mafunzo kwa mwanaisimu. Vitenzi vya asili vinavyoishia na -oa huirejesha sauti l vinaponyambuliwa: toa, tolewa, ng'oa, ng'olewa, toboa, tobolewa. Sauti hiyo ilidondoka kati ya irabu, lakini alama yake imebaki. Katika Kinyarwanda, lugha iliyo katika kundi moja na Kirundi na Kiha, mahali hapo pana r: toboa ni gutobora. Kitenzi -boa hakina historia hiyo. Hatusikii "nimebolewa", husikika "nimeboeka", na kwa wengine "nimeboreka". Umbo hili la pili linagongana na mnyambuliko wa bora: huduma zilizoboreka ni huduma zilizokuwa nzuri zaidi. Mtu anayelalamika kwamba ameboreka anaweza kueleweka kuwa anajisifu!

Hata hivyo, neno hili lina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo hasa inayostahili kufundishwa. Wa kwanza ni wa heshima. Kijana humwambia rika lake "umeniboa". Akimwambia baba yake au mwalimu wake, amevunja adabu. Kwao atasema, "Baba, sikutarajia hivyo," au, "Mwalimu, jambo hili limenisikitisha."

Mpaka wa pili ni wa uzito, na katika nyanda hizi si jambo la nadharia tu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko ya kisiasa. Humo Kiswahili cha Tanzania kimekutana na Kiswahili cha Kongo, ambacho kimeazima mengi kutoka Kifaransa, na pia na Kirundi. Msikilizaji aliyelelewa upande huo huenda asiijue -boa kabisa. Tena, tuseme mama aliyengojea jibu kwa miaka anasema, "Nimekata tamaa," na mkalimani kijana anaandika kwamba ameboeka. Hapo kukata tamaa kumeshushwa kuwa kero ya stendi, na atakayeisoma karatasi hiyo hataona haja ya kuharakisha. Kosa halimo katika neno. Limo katika mizani.

Mwaka 2006 Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha utafiti wao kuhusu lugha ya mitaani ya Tanzania, pamoja na kamusi ya maneno na semi zipatazo 1,100. Kazi hiyo ilidhihirisha kwamba usemi huu unastahili uchunguzi wa kitaaluma. Hatuna budi kuendelea hivyo hivyo darasani. Mwalimu wa Kasulu au Kibondo anayeikuta -boa katika insha asiikate kwa wino mwekundu na kunyamaza. Amuulize mwanafunzi: ni nani anayesema, anamwambia nani, na jambo lililomfika lina uzito gani? Mwanafunzi anayeweza kujibu maswali hayo matatu atajua mwenyewe lini aandike "ameniboa" na lini aandike "amenivunja moyo".