Gesi ya Msumbiji na gesi ya Tanzania: nani tajiri, na lini?



Juzi tulikuwa tumekaa hapa Muscat baada ya magharibi, na kama kawaida habari za nyumbani hazikosekani. Mzee wetu mmoja akauliza: "Hivi sisi na Msumbiji, nani ana gesi yenye thamani zaidi?" Mmoja kataja ujazo, mwengine kataja bei, mwengine kasema hizo zote porojo tu. Nimeona bora niliandike kwa kituo, maana swali lenyewe limekosa neno moja, nalo ni "lini".

Tuanze na ujazo. Tanzania inahesabiwa kuwa na futi za ujazo trilioni 57 hivi, na sehemu kubwa iko bahari kuu. Msumbiji ina zaidi ya trilioni 100 katika bonde la Rovuma peke yake. Ukiishia hapo, Msumbiji kashinda. Lakini gesi iliyo chini ya bahari haina bei. Siyo kama karafuu, ukaiweka ghalani ukangoja soko. Ili ifike Japani au Ulaya lazima ipoozwe mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, igeuke maji, ndipo ipakiwe melini. Mtambo wa kazi hiyo hula mabilioni ya dola kabla senti moja haijaingia.

Nchi hizi zimekwenda kama mapacha. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Pande kule Msumbiji 1961, na mwaka 2004 nchi zote mbili zikaanza kutumia gesi yao kwa wingi: ya kwetu kuzalisha umeme Dar es Salaam, ya kwao kwa bomba mpaka Afrika Kusini. Mwaka 2010 zote mbili zikapata gesi bahari kuu. Hapo ndipo njia zilipoachana.

Msumbiji walikwenda mbio, na mkosi wao mkubwa ni kwamba waliitumia thamani kabla haijafika. Mwaka 2013 na 2014 makampuni ya serikali yalikopa kiasi cha dola bilioni 2, nyingi kwa siri, kwa boti za kuvulia jodari na za ulinzi wa pwani. Wakopeshaji hawakuogopa sana, maana kila mtu alikuwa akipigia hesabu gesi. Siri ilipofichuka 2016, wafadhili walisimamisha misaada, sarafu ikaporomoka, na mapema 2017 nchi ikashindwa kulipa deni. Yaani gesi haijauzwa hata tone, na wananchi washaanza kuilipia. Mwaka huohuo wa 2017 vita vikaanza Cabo Delgado, na Machi 2021 Palma ikashambuliwa. Ule mradi mkubwa wa nchi kavu wa dola bilioni 20 ukasimama, na zuio halikuondolewa mpaka Novemba 2025. Kilichofanikiwa ni mtambo unaoelea baharini, Coral Sul, uliopakia meli ya kwanza Novemba 2022, wakati bei ikiwa juu kwa sababu ya vita vya Ukraine.

Tanzania sisi tulikwenda kwa kujivuta. Bomba la Mtwara mpaka Dar lilizinduliwa 2015, baada ya ghasia za Mtwara za 2013, watu wakiuliza wao watabaki na nini. Lakini mtambo wa Lindi, uliokadiriwa dola bilioni 42, ulibaki mezani. Makubaliano ya awali yalitiwa saini Juni 2022, na mpaka 2025 uamuzi wa mwisho wa kuweka mtaji ulikuwa haujafikiwa.

Sasa basi, kungoja kuna gharama gani? Tuseme mwekezaji anataka faida ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo dola 100 utakayoipata baada ya miaka 10 ni sawa na dola 39 tu leo. Ikichelewa miaka 15, ni dola 24. Gesi ni ileile, haijapungua hata futi moja, lakini thamani yake imeyeyuka. Na bei nayo haina adabu: soko la Asia lilishuka chini ya dola 2 mwaka 2020, na 2022 ikapita dola 50. Aliyekuwa na meli tayari ndiye aliyevuna.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na walewale wakasema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Msumbiji imeonja la kwanza, Tanzania inaonja la pili. Kwa maoni yangu, hasara ya Msumbiji ni chungu zaidi, kwa sababu deni halingoji na roho za watu hazirudi. Waliokimbia Palma ni jamaa za watu wa Mtwara, mto Ruvuma tu ndio unaowatenga.

Kwa hiyo mtu akikutajia trilioni, muulize mambo matatu: itauzwa mwaka gani, nani atalipwa kwanza, na je, fedha zake zimeshakopewa? Asipokujibu, ujue bado anazungumzia mawe ya chini ya bahari.

Mwenye nyongeza au sahihisho, karibu. Wabillahi tawfiq.