Mfundishe Mwenzi Wako Kiingereza Bila Kuvunja Nyumba

Masomo yamejaa mtandaoni, tena bure kabisa. Kinachogharimu ni uvumilivu, na hapo ndipo wapendanao wengi wanapokwama.

Kuna nyumba nyingi hapa mjini ambazo Kiingereza ni kama funguo za gari: anazo mmoja tu. Barua ya benki ikija, anasoma yeye. Mtoto akirudi na ripoti kutoka 'English medium', anasoma yeye. Bima wakituma ujumbe, mwenye nyumba akileta mkataba mpya, ni yeye yule yule. Mwingine anasubiri kuambiwa, "Wamesema hivi na hivi, wewe weka saini hapa."

Mara nyingi jambo hili halizungumzwi. Asiyejua anaona aibu kuuliza, na anayejua anadhani anamsaidia mwenzie kwa kumfanyia kila kitu. Miaka inakwenda. Sherehe ya ofisini mmoja anaanza kuumwa kichwa ghafla, kikao cha wazazi anatumwa mwingine, na nafasi nzuri ya kazi inapita kwa sababu tangazo lilikuwa kwa Kiingereza.

Tuelewane mapema: hili halina uhusiano na akili. Katika shule za msingi za serikali Tanzania Bara, watoto husoma kwa Kiswahili na Kiingereza ni somo tu. Wakifika sekondari, ghafla ndicho kinachofundishia masomo karibu yote. Aliyeishia darasa la saba, au aliyeivuka sekondari kwa kukariri, anaweza kuwa fundi hodari au mfanyabiashara wa kuheshimika na bado akakwama kwenye fomu ya kurasa mbili.

Kwa nini usiseme "tutaona mwakani"

Chukua mfano wa nyumba mnayoishi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Hii ni kinga nzuri sana, hasa kwa kina mama. Lakini kinga hiyo ina maana gani kama anayeridhia hawezi kusoma anachokiridhia? Ni kweli kwamba mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ila mikataba mingi ya mikopo na bima bado inaandikwa kwa Kiingereza. Hati ikiwa mezani na afisa mikopo anaangalia saa, huo si wakati wa kuanza kujifunza maana ya riba, dhamana na faini ya kuchelewa.

Ndiyo maana watu wanaofundisha watu wazima duniani hawapendi kutenganisha lugha na stadi za maisha. Shirika la Afya Duniani, lilipozieleza stadi hizo miaka ya 1990, lilitaja mambo kama kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kuwasiliana, kujitambua na kuhimili msongo wa mawazo. Mtu mzima hahitaji Kiingereza cha kufaulu mtihani. Anahitaji cha kumwezesha kuuliza, kukataa, kuelewa bei na kujieleza.

Masomo yako wapi?

Usikimbilie kulipa. Anza na hawa:

*BBC Learning English.* BBC ilianza kufundisha Kiingereza redioni mwaka 1943, kwa hiyo hawa ni wakongwe. Kipindi chao kiitwacho 6 Minute English kina watangazaji wawili wanaopiga soga kuhusu mada moja kwa dakika sita tu, huku wakifafanua maneno machache. Sauti unaipakua pamoja na maandishi yake. Kinamfaa mtu ambaye tayari anaelewa kidogo.

*LearnEnglish ya British Council.* Masomo yamepangwa kwa ngazi, kuanzia anayeanza mwanzo kabisa, na kuna jaribio la kukuonyesha wewe ni wa ngazi gani. Fanyeni jaribio hilo kwanza, msije mkaanzia juu mkakata tamaa wiki ya kwanza.

*USA Learns.* Hii ilianzishwa mwaka 2008 na ofisi ya elimu ya Sacramento, California, kwa ajili ya watu wazima waliohamia Marekani. Ina video na mazoezi kuhusu kazi, afya, familia na manunuzi, yaani maisha yenyewe. Bila shaka mambo mengine ni ya kwao. Wao wakifundisha kupiga 911, ninyi wekeni 112 ya kwetu.

*Masomo ya VOA, Sauti ya Amerika.* Tangu mwaka 1959 VOA ilikuwa na matangazo ya Kiingereza cha polepole, yaliyotumia msingi wa maneno kama 1,500 tu. Baadaye ikaja kozi ya video iitwayo Let's Learn English, yenye masomo 52 katika ngazi ya kwanza, kuhusu binti Anna anayehamia Washington na kuanza maisha: nyumba, kazi, majirani, kuuliza njia. Masomo haya hayana hakimiliki, ukitaka kuyachapa ukawapa kina mama wa kikundi chenu cha kukopeshana, ruksa. Angalizo moja: Machi 2025 shughuli nyingi za VOA zilisimamishwa. Hilo litukumbushe kwamba cha bure leo si lazima kiwepo kesho. Ukikipata kinachokufaa, kipakue ukihifadhi.

*GCFGlobal.* Tangu mwaka 2000 hawa wanafundisha bure matumizi ya kompyuta, barua pepe, kuandika wasifu wa kuombea kazi na kupanga matumizi ya pesa. Maelezo ni ya Kiingereza chepesi, kwa hiyo mwenzio anajifunza vitu viwili kwa mpigo.

Kuhusu bando, tuwe wakweli: video zinakula. Tumieni sauti na maandishi siku za kawaida, video ziacheni kwa siku mkiwa mahali penye intaneti ya uhakika.

Fundisha kazi, sarufi itafuata

Kosa la wengi ni kuanza na kitabu cha sarufi. Mtu ametoka kazini amechoka, unamwekea jedwali la vitenzi mbele yake! Atasinzia, wewe utakasirika, na darasa litakufa Jumatano.

Wazazi wetu walikuwa na njia bora, tena bila intaneti. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Sikiliza, jadili, tenda. Mtu mzima anajifunza hivyo, kwa sababu anachojifunza anakitumia siku ile ile.

Kwa hiyo mwulize mwenzio swali moja: "Ni jambo gani ungependa kulifanya mwenyewe kwa Kiingereza, bila mimi?" Jibu lake ndilo mtaala wenu. Labda ni kuongea na mwalimu wa mtoto. Labda ni kumjibu mteja wa nje anayeulizia vitenge. Labda ni kusoma karatasi ya dawa. Chagueni moja, muishi nalo wiki mbili.

Wiki moja ya kujaribu

Tuseme amechagua karatasi ya dawa. Dakika 20 kwa siku zinatosha.

Jumatatu: kusanyeni maboksi ya dawa yaliyopo nyumbani. Tafuteni maneno yanayojirudia, kama *twice a day*, *before meals*, *keep out of reach of children*. Yasizidi kumi.

Jumanne: tafuteni somo moja la mtandaoni kuhusu afya au hospitali. Msikilize mara mbili, mara ya pili mkifuata maandishi.

Jumatano: igizeni. Wewe ni mfamasia, yeye ni mgonjwa. Kisha mbadilishane. Mtacheka sana, na kicheko ni sehemu ya somo.

Alhamisi: pumzikeni.

Ijumaa: amtumie rafiki mnayemwamini, au wewe mwenyewe ukiwa kazini, ujumbe wa sauti wa nusu dakika akieleza dawa inavyotumika.

Jumamosi: aende duka la dawa peke yake, aulize swali moja kwa Kiingereza. Moja tu. Sentensi ya kumwokoa awe nayo mfukoni: *Could you repeat that, please?* Anayeijua sentensi hii hapotei.

Jumapili: msipige hesabu ya makosa. Mwulize tu, "Lipi lilikuwa rahisi kuliko ulivyodhani?"

Mambo yanayoua darasa la nyumbani

Kumsahihisha mbele za watu. Hata kama amekosea kweli, mbele ya mashemeji wewe nyamaza. Aibu ya dakika moja inaweza kumfunga mdomo mwaka mzima.

Kusahihisha kila kitu. Chagua kosa moja kwa siku, lile linalofanya asieleweke. Lafudhi yake iache ilivyo. Ya kwako nayo si ya Malkia.

Kuleta Kiingereza kwenye ugomvi. Mkigombana, gombaneni kwa Kiswahili. Ukianza kumporomoshea Kiingereza mtu ambaye bado anajifunza, umegeuza somo kuwa fimbo.

Kumlinganisha na watoto. "Hata Junior anajua hili!" Junior ana mwalimu kila siku na hana kodi ya nyumba ya kufikiria.

Na kama mkikaa pamoja lazima mnune, hakuna ubaya kukubali kwamba ninyi ni wapenzi wazuri ila si mwalimu na mwanafunzi. Mtafutieni rafiki wa kusoma naye, au ulizieni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ipo kwa sheria tangu mwaka 1975 na ina ofisi mikoani. Kazi yako itabaki kulinda muda wake: wewe pika, wewe ogesha watoto, yeye asome.

Na wewe unayejua, jiulize

Hapa tuongee taratibu, maana panauma. Wapo watu ambao hawataki mwenzi wao ajue. Hawasemi hivyo, lakini kila darasa likianza wana udhuru. Mtafsiri ana mamlaka yake: anachagua cha kusema na cha kukiacha. Barua ya mkopo ikija anaweza kusema "ni matangazo tu hayo" na maisha yakaendelea.

Kama unahisi wasiwasi kidogo ukimfikiria mwenzio akisoma kila karatasi iliyomo kwenye kabati, tatizo lenu si Kiingereza. Anza na kabati.

Lakini kama unachohofia ni kwamba akijua ataondoka au atakudharau, fikiria upande wa pili. Mtu anayebaki na wewe kwa sababu hawezi kusoma mkataba, amebaki kwa kukosa njia. Anayeusoma mwanzo hadi mwisho, akauliza maswali matatu, akakataa kipengele kimoja, kisha akasaini pembeni yako, huyo ni mshirika. Siku wewe ukiumwa au kusafiri, nyumba haitasimama kumsubiri mwenye funguo.

Usiku huu, kabla ya tamthilia kuanza, mwulize lile swali. Masomo ni ya bure, na dakika 20 mnazo.